Somo la Ubongo Lianzie Wapi?

Mwanachuo anapopangiwa mada ya ubongo wakati wa mazoezi ya kufundisha, kitu cha kwanza anachokitafuta ni karatasi ya manila. Juu ya karatasi hiyo huchora kichwa cha mtu kilichopasuliwa ubavuni, akapaka rangi tatu, akachora mishale, na penye mwisho wa kila mshale akaandika jina: ubongo mkubwa, ubongo mdogo, shina la ubongo. Darasani huyasoma majina hayo, wanafunzi wakayaitikia kwa sauti moja, kisha wakayanakili katika madaftari. Zikibaki dakika kumi, hutolewa zoezi la kujaza majina katika mchoro mtupu. Andalio la somo limetimia, shabaha imefikiwa, na mkufunzi aliyeketi nyuma ya darasa hana la kulaumu, maana kila kilichoandikwa ubaoni ni sahihi.

Hata hivyo, mimi nasema kwamba somo la namna hiyo halijaugusa ubongo bado. Wanafunzi wamepewa ramani ya mji wasioambiwa wenyeji wake wanafanya kazi gani, na wiki mbili baadaye wataisahau. Rai yangu ni kwamba mpangilio ugeuzwe: kazi za ubongo zitangulie, zifuatiwe na maradhi na ajali zinazouharibu, na majina yaje mwisho, yakiwa ni njia fupi ya kutaja mambo ambayo mwanafunzi amekwisha kuyajua. Wala sitoi rai hii kwa kupenda mbinu mpya tu. Yumkini katika shule utakayopangiwa yupo mtoto mwenye kifafa, au aliyeugua malaria ya ubongo, au anayepigwa konzi kila siku kwa kuwa anaduwaa darasani. Mtoto huyo hatasaidiwa na mwalimu aliyekariri mishale mitatu.

Tuanze na yale ambayo mtoto huja nayo kutoka nyumbani. Lugha yetu huziweka shughuli za ndani ya mtu mahali pawili. Mwerevu tunasema ana kichwa; mzito tunasema kichwa chake kigumu. Lakini anayekumbuka shairi zima amelihifadhi kwa moyo, mwenye hasira moyo wake unawaka, na asiyetaka jambo moyo wake umekataa. Basi ukiliuliza darasa la tano, “Je, mtu hufikiri kwa kutumia nini?” usistaajabu wengine wakigusa kifua. Usiwacheke. Aristotle, mwanafalsafa mkubwa wa Wayunani, alishika rai hiyo hiyo: aliamini kuwa moyo ndio makao ya fahamu, na kazi ya ubongo ni kuipoza damu. Wamisri wa kale, walipowatayarisha wafu wao wakuu kwa mazishi, waliutunza moyo kwa heshima na ubongo wakautoa kupitia puani na kuutupa.

Aliyepinga waziwazi ni mwandishi wa kitabu kimoja cha Kiyunani cha tangu miaka 400 hivi kabla ya Kristo, kitabu ambacho huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya shule ya Hippocrates. Kitabu hicho kinahusu kifafa, ambacho watu wa zama zile waliuita ugonjwa mtakatifu kwa kuudhania kuwa umeletwa na miungu. Mwandishi alikataa. Alisema ugonjwa huo una asili kama magonjwa mengine, na asili yake ni ubongo. Na kutoka katika ubongo huo huo hutoka furaha zetu, huzuni zetu, fikra na wazimu. Kwa ushahidi aliwaelekeza wasomaji wake kwa mbuzi mwenye maradhi kama hayo: mpasue kichwa, utaukuta ubongo wake umejaa maji na unanuka. Wafugaji wa kwetu wanamjua mbuzi wa namna hiyo, yule anayezunguka mahali pamoja kama aliyefungwa kambani, na mara nyingi sababu yake ni viluwiluwi vya tegu wa mbwa vilivyojenga ndani ya ubongo. Natamani kila mwanachuo angejua kwamba hoja kubwa ya kwanza kuhusu kazi ya ubongo ilitolewa kwa kumtetea mgonjwa wa kifafa na kwa kutazama kichwa cha mbuzi. Vyote viwili vinapatikana karibu na shule yako.

Sasa tuingie darasani. Kazi ya ubongo huonekana kwa vifaa vya bei ndogo kabisa. Chukua rula ya sentimita 30. Mwanafunzi mmoja aishike kwa juu, mwenzake aweke kidole gumba na cha shahada kwenye alama ya sifuri bila kuigusa. Rula iachiwe ghafla, naye aidake. Wengi wataidaka karibu na sentimita 20, na rula huhitaji sehemu mbili za kumi za sekunde kuanguka umbali huo. Waulize wanafunzi muda huo ulikwenda wapi. Jicho limeona, habari imesafiri hadi nyuma ya ubongo, imetambuliwa, uamuzi umefanyika, amri imeshuka kwenye mkono, misuli imejikaza. Halafu rudia jaribio huku mdakaji akihesabu kwa sauti kutoka mia moja kurudi nyuma kwa tatu tatu. Rula itashuka zaidi kabla ya kudakwa. Hapo darasa litakuwa limepima umakini kwa sentimita, na wewe mwalimu utakuwa umejifunza jambo la kukusaidia siku zote: ubongo unaopewa kazi mbili kwa pamoja huzifanya zote mbili vibaya. Kumwambia mtoto anakili ubao na papo hapo asikilize maelezo mapya ni kumdakisha rula huku akihesabu.

Jaribio la pili ni la miiba miwili butu, au ncha mbili za vijiti vya kiberiti. Mwanafunzi afumbe macho, mwenzake amguse taratibu kwa ncha zote mbili pamoja. Kwenye ncha ya kidole atatambua kuwa ni mbili hata zikiwa zimeachana milimita 2 au 3 tu. Kwenye mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ataapa kuwa ni moja hata zikiachana milimita 20. Kwa nini? Ngozi ya kidole ina mishipa ya fahamu mingi zaidi, na ndani ya ubongo vidole vimegawiwa eneo kubwa kuliko mkono mzima. Daktari Wilder Penfield, aliyekuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa mjini Montreal nchini Kanada, aliichora ramani hiyo katika miaka ya 1930. Wagonjwa walikuwa macho, kwa maana ubongo wenyewe hauna uwezo wa kuhisi maumivu. Aliposisimua sehemu moja kwa umeme mdogo, mgonjwa alihisi kitu mdomoni. Sehemu nyingine, kidole gumba. Midomo na vidole vilichukua nafasi kubwa. Mgongo ulichukua nafasi ndogo sana.

Jaribio la goti halihitaji maelezo mengi: mguu ukining’inia, gonga chini ya kilegesambwa kwa ubavu wa kiganja, nao utaruka. Wanafunzi watafurahi. Ila waeleze kwamba amri hiyo haikutoka katika ubongo. Ilitoka katika ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo, na ubongo ulipashwa habari baadaye.

Nije kwenye kichwa cha mbuzi. Agiza buchani kichwa cha mbuzi mzima wa afya na umwombe mwuza nyama alipasue fuvu kwa uangalifu. Mchoro wa manila hautamwonyesha mtoto mambo matatu ambayo atayaona hapa kwa macho yake. Ataona ugumu wa fuvu, jinsi shoka lilivyopata taabu. Ataona utando unaoufunika ubongo. Kisha ataona ubongo wenyewe ulivyo laini, kama papai lililoiva kupita kiasi, hata ukidondoka mezani unapoteza umbo. Mikunjo yake ataihesabu, kisha umwambie kuwa ubongo wa binadamu una mikunjo mingi zaidi na ni mkubwa zaidi, una uzito wa gramu 1,300 hadi 1,400 kwa mtu mzima. Nyuma, chini ya ubongo mkubwa, ataona kipande kilichochanika mistari myembamba kama majani ya kitabu. Hapo ndipo jina “ubongo mdogo” lipate kutajwa, na lisitajwe kwa dharau, kwa maana udogo wake ni wa umbo tu. Katika binadamu, seli za neva zinakadiriwa kuwa bilioni 86, na bilioni 69 kati ya hizo zimo ndani ya ubongo mdogo. Kusimama kwa mguu mmoja, kuandika herufi bila kutetemeka, kucheza ngoma kwa mpigo wake: kazi hizi zinazoonekana rahisi ndizo zinazohitaji jeshi hilo lote.

Siku hiyo hiyo fanya jaribio la yai. Tafuta makopo mawili yenye vifuniko. Katika moja tia yai bichi peke yake; katika jingine tia yai na maji mpaka juu, ufunike. Yatikise yote mawili kwa nguvu sawa. Lile la kwanza litapasuka mapema. La pili litastahimili. Ubongo nao huelea katika maji yaliyo ndani ya fuvu, na kwa kuelea huko uzito wake unaoukalia msingi wa fuvu haufiki hata gramu 50. Lakini maji hayo yana mpaka wake. Ukilitikisa kopo la pili bila huruma, yai litagonga ukuta.

Hapa nitoke kidogo kwenye njia. Walimu wetu wana desturi ya konzi na kibao cha kisogoni, na wapo wanaoiona kuwa adhabu ndogo kwa kuwa haiachi alama. Sisemi kwamba kila konzi huharibu ubongo. Hakuna ushahidi wa kusema hivyo. Nasema kwamba mwalimu aliyelitikisa yai mbele ya darasa saa nne asubuhi hana uso wa kumpiga mtoto kichwani saa tano. Kofi la sikioni nalo laweza kupasua kiwambo cha sikio, na mtoto asiyesikia vizuri ataonekana tangu siku hiyo kuwa mkaidi.

Turudi. Ukitaka kuonyesha kwamba sehemu za ubongo zina kazi mbalimbali, usianze na mchoro. Anza na kiharusi. Karibu kila mwanafunzi anamjua babu au jirani aliyepooza upande mmoja. Waulize: ni upande gani? Na je, usemi wake ulipotea? Baada ya mifano michache huenda wao wenyewe wakagundua kwamba waliopoteza usemi ni hasa waliopooza upande wa kulia. Nusu ya kushoto ya ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi nusu hiyo hiyo ndiyo yenye makao ya usemi. Jambo hili lilithibitishwa mjini Paris mwaka 1861, Paul Broca alipoupasua ubongo wa mtu aliyekuwa hawezi kutamka ila neno moja, “tan”, ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Palikuwa na uharibifu sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mtoto akielewa hivyo hatasema tena kuwa babu yake amerudia utoto. Babu anaelewa, njia ya kutolea maneno ndiyo iliyoziba.

Lakini msilivute jambo hili mpaka mahali lisipofika. Siku hizi wanachuo huniletea maandalio yanayosema kuna watoto wa ubongo wa kushoto, wenye hesabu, na watoto wa ubongo wa kulia, wenye sanaa, na kwamba kila kundi lifundishwe kwa njia yake. Hayo si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walizichunguza picha za ubongo wa watu zaidi ya 1,000 wasimwone mtu ambaye ubongo wake wote huelemea upande mmoja. Vivyo hivyo ule usemi kwamba binadamu hutumia asilimia kumi tu ya ubongo wake ni uzushi. Ubongo ni sehemu 2 kwa mia ya uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu 20 kwa mia ya nguvu zote tunazotumia tukiwa tumepumzika, na damu ikikatika mtu huzimia katika sekunde kumi hivi. Mwili wenye akiba ndogo kama wetu usingelisha vivu tisa kati ya kumi. Kwa mwalimu, hesabu hiyo ina maana nyingine pia: mtoto aliyekuja shule bila kunywa hata uji anaombwa afanye kazi ya gharama kubwa kwa mfuko mtupu.

Sasa nifike kwenye kifafa, ambacho kwa maoni yangu ndicho kiini cha mada yote. Seli za neva hupashana habari kwa umeme mdogo sana na kwa kemikali. Kwa kawaida kuna mpango na zamu. Kifafa hutokea kundi kubwa la seli linapofyatuka kwa pamoja bila mpango. Likiwa ni kundi linaloongoza mkono wa kushoto, mkono huo utarukaruka. Fujo ikienea ubongo mzima, mtu huanguka, hukakamaa, hutetemeka, hupoteza fahamu, na mate yasiyomezwa huwa povu. Basi kifafa chenyewe kinafundisha ramani ya ubongo kuliko mishale yoyote.

Povu hilo limewagharimu watu maisha yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dakta Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika Ulanga. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa na jamaa zao, wakila peke yao na kulala peke yao, kwa kuwa watu waliamini kwamba povu na mate ya mgonjwa huambukiza. Wengine walikuwa na makovu makubwa ya moto: waliangukia mekoni, na waliokuwa karibu wakaogopa kuwagusa. Kifafa hakiambukizwi kwa kugusana, kwa mate, wala kwa kula chungu kimoja. Sentensi hiyo moja, ikikaa katika vichwa vya watoto arobaini, ina thamani kuliko mchoro mzuri kuliko yote.

Wafundishe basi la kufanya, nao walifanye kwa vitendo, mmoja akijifanya mgonjwa. Waondoe mawe, viti na moto karibu yake. Wamwekee kitu laini chini ya kichwa. Walegeze kola. Wasimshikilie kwa nguvu wala wasimtie kijiko, kijiti au kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika. Mtetemeko ukitulia wamlaze kwa ubavu ili mate yatoke, na mmoja abaki naye mpaka aijue siku na mahali alipo. Mwalimu atazame saa. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla mtoto hajazindukana, ni safari ya hospitali bila kungoja. Mambo ya vitunguu, ya kiatu puani na ya maji ya baridi yaachwe.

Watoto watauliza kinasababishwa na nini. Jibu la kweli ni kwamba sababu ni nyingi: jeraha la kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo, kurithi, na wakati mwingine sababu haijulikani. Moja nataka niitaje zaidi kwa kuwa tunaweza kuizuia. Ni mayai ya tegu wa nguruwe. Katika sehemu nyingi zenye mnyoo huyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kifafa kwa wagonjwa 30 katika kila 100 kinahusiana naye. Hapa Tanzania uchunguzi umefanywa Mbulu na Mbozi. Wengi hudhani hatari iko katika nyama peke yake. Nyama yenye viluwiluwi, isipoiva, humpa mlaji tegu wa tumboni. Viluwiluwi huingia katika ubongo wa mtu aliyemeza mayai yaliyotoka katika kinyesi cha mwenye tegu, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji, kwa mboga. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kupatwa. Somo la ubongo limefika chooni na kwenye ndoo ya kunawia, nalo halikupotea njia.

Malaria ya ubongo nayo usiipite upesi. Wazazi hushukuru mtoto akitoka hospitali mzima, nao wana haki ya kushukuru. Lakini uchunguzi uliofanywa Kampala kwa watoto waliopona, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba miaka miwili baadaye mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo mwingine wa akili. Mwanafunzi aliyekuwa wa tano darasani, akarudi kutoka hospitali akawa wa thelathini, huenda hakuingiwa na uvivu. Muulize mama yake.

Nilisema kifafa kimetufundisha mengi. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa ili apone kifafa kikali. Daktari alitoa vipande vya ndani vya pande zote mbili za ubongo. Degedege lilipungua sana, lakini kijana hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Aliyeongea naye asubuhi alikuwa mgeni mchana, na akaishi hivyo hadi alipofariki mwaka 2008. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota huku akitazama mkono wake katika kioo, kazi ngumu kwa kila mtu. Siku hadi siku Molaison aliendelea kuwa stadi, ingawa kila siku alidai hajapata kuifanya kazi hiyo. Kumbe ubongo hauna ghala moja la kumbukumbu. Kujua habari ni kitu kimoja. Kujua kutenda ni kingine, na kila kimoja kina njia yake. Mwanafunzi anayetaja kanuni ya kugawanya sehemu bila kosa na kisha akashindwa kugawanya hakudanganyi. Umemfundisha kutaja.

Hapa utaniambia, ndugu mwanachuo, kwamba mtihani unauliza majina. Ni kweli, na simshauri mtu awapeleke watoto mtihanini mikono mitupu. Lakini hesabu vipindi vyako. Rula na miiba ni kipindi kimoja. Mbuzi na yai, cha pili. Kiharusi na kifafa, cha tatu. Cha nne waandikie majina. Utaona yanashikwa upesi, kwa sababu kila jina limepata mahali pa kukaa: shina la ubongo ni lile linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo tukiwa usingizini, ubongo mdogo ni ule wa majani ya kitabu, ubongo mkubwa ni ule uliomnyima babu maneno. Tena yarudie baada ya siku tatu, na baada ya wiki, kwa maswali na si kwa kuimba. Ubongo huimarisha yale unayolazimika kuyatafuta.

Nao huyaimarisha usiku. Wakati wa usingizi yaliyojifunzwa mchana hupangwa upya na kukazwa, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Kwa sababu hiyo siziungi mkono kambi zinazowaweka watoto wa darasa la saba wakisoma hadi saa sita za usiku na kuwaamsha saa kumi alfajiri. Nimewasikia wakuu wa shule wakijisifia kambi hizo. Wanajisifia kumwaga maji katika mtungi ambao hawaupi nafasi ya kuyatuliza.

Limebaki jambo moja dogo. Kipo kifafa kisichoangusha mtu. Mtoto anasoma, ghafla ananyamaza, macho yanakodoa, pengine kope zinapepesa. Baada ya sekunde kumi au ishirini anaendelea kana kwamba hakukuwa na kitu, ila amepoteza mstari. Yaweza kumpata mara nyingi kwa siku moja. Nyumbani, penye pilikapilika, huenda wasigundue. Darasani hugunduliwa, na jina analopewa ni mzembe. Ukimwona mtoto wa namna hiyo, mwite jina kwa sauti ya kawaida na umguse bega. Anayeota mchana atashtuka; huyu hatasikia mpaka muda wake upite. Basi fungua ukurasa nyuma ya daftari la maandalio, uandike tarehe, saa, sekunde ulizohesabu, na alivyokuwa akifanya macho na mikono. Fanya hivyo kwa wiki mbili. Kisha mwite mzazi kwa faragha na umpe nakala ya ukurasa huo aende nao zahanati. Mganga hatamwona mtoto akiduwaa katika dakika chache za kumpima, na ukurasa wako ndio utakaomwonyesha. Dawa zipo; Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa wa kifafa hadi 70 katika kila 100 wangeishi bila degedege kama wangetibiwa ipasavyo. Akianza kunywa dawa, uliza ni ipi na anaimeza saa ngapi. Fenobabitoni huwatia usingizi baadhi ya watoto, hasa wiki za kwanza, nawe utakuwa umekwisha kujua kwa nini amelala juu ya dawati.